Kitanzi Alichokisikia Hamira

Saa mbili asubuhi, katikati ya mzunguko wenye barabara tano, gari la mikate lilizimika. Honi zikalia kama zimeambizana. Dereva, mwanamume mrefu mwenye unga hadi kwenye nyusi, akazungusha ufunguo mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Gari likakohoa, likanyamaza.

Nyuma yake kulikuwa na gari dogo la shule ya udereva. Mwalimu alimwambia mwanafunzi wake avute breki ya mkono, akashuka. Alivaa suruali nyeusi iliyonyooka kwa pasi, shati jeupe la kazi, na kilemba cha rangi ya machungwa ambacho hata dereva wa lori angekiona kwa mbali.

"Kaka, hebu sogea kiti cha pili."

"Dada, gari hili lina visirani vyake."

"Visirani vyake au vyako? Unakanyaga mafuta kama unaua mende. Limelewa hili."

Akangoja kidogo, akawasha. Gari likaitika mara moja, kama lilikuwa linamsubiri yeye.

Mwanamume akampa mkate wa moto kupitia dirishani. "Na namba je?"

"Ya gari au ya simu?"

"Ya gari nimeshaishika kichwani."

Akampa ya simu. Tangu siku hiyo hawakulala bila kuongea. Kwenye tanuri alikooka mikate na kuisambaza, wenzake walimwita yule dereva Hamira, kwa kuwa akiingia tu kicheko hupanda. Naye mpenzi wake akalichukua jina hilo. Yeye alimwita Mwalimu. Mwaka ulipotimia walifunga ndoa, wakapanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni likitazama paa la gereji.

Walipatana kwamba mtoto angoje kidogo. Mwalimu alikuwa amechaguliwa kusomea utahini wa madereva, kozi ya mwaka mzima, mwanamke pekee katika kundi lake. Hamira alikubali kwa moyo mweupe, ingawa ndani alikuwa na kidonda cha zamani: kabla ya Mwalimu aliwahi kuchumbia mwanamke aliyesema "mwakani" miaka minne mfululizo, kisha akaondoka. Kidonda hicho hakumwonyesha mkewe.

Mwalimu naye alikuwa na lake. Vidonge vya uzazi wa mpango alivisahau ovyo. Kimoja alikikuta kwenye mfuko wa shati baada ya kulifua. Mwezi mmoja hedhi ilichelewa siku kumi na mbili, akafundisha watu kurudi nyuma na kupaki huku moyo wake ukidunda masikioni. Ilipokuja, ilikuja kama bomba lililopasuka. Siku nane. Akawa anashika ukuta akipanda ngazi, na Hamira akiuliza, "Una nini, mpenzi?" alijibu, "Viatu tu vinanibana."

Asubuhi moja Hamira alirudi kutoka kazini saa nne, mapema kuliko kawaida, akiwa bado na aproni. Mwalimu alikuwa bafuni anafua, simu ameibana begani, anaongea na shangazi yake. Maji yalikuwa yanamwagika, kwa hiyo mlangoni yalifika maneno machache tu.

"Nimechoka, shangazi. Nimechoka kabisa… Hamira? Sijamwambia… Bora kitanzi tu, nimalize."

Hamira akaupiga mlango bega, komeo likaruka, akaingia mzimamzima.

"Usifanye hivyo! Mke wangu, kiko wapi? Nipe hicho kitanzi!"

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigoda, povu hadi viwikoni, soksi ya mumewe mkononi. Simu ikatumbukia kwenye beseni.

"Kitanzi gani? Hamira, umevunja mlango!"

"Nimekusikia! Umechoka, unataka kumaliza!"

Mwalimu akalitazama lile jitu la unga, akaelewa, akacheka mpaka soksi ikamponyoka. "Kitanzi cha uzazi, mume wangu! Kile anachoweka nesi! Ningejinyonga, nani angekufulia?"

Hamira akakaa chini pale pale kwenye maji, akamkumbatia magoti, akalia kama mtoto. "Ee Mungu wangu. Ee Mungu wangu."

Wangeishia hapo, wangekuwa wamemaliza kwa kicheko. Lakini baada ya chai Hamira akauliza, "Na kinakaa muda gani?"

"Shangazi anasema cha shaba kinakaa hata miaka kumi."

Kikombe kikatua mezani. "Kumi. Na mimi ningeambiwa lini, mwaka wa tisa?"

"Ningekwambia nikishajua mwenyewe! Ungeniuliza maswali ambayo sina majibu yake."

"Bora ungesema hutaki kuzaa na mimi."

Neno hilo lilimkata Mwalimu. Alivaa kilemba chake, akaenda kazini bila kuaga. Siku tatu wakawa wanaongea kama karani na mteja: chumvi iko wapi, funguo ziko wapi.

Siku ya nne, saa sita mchana, simu mpya ya Mwalimu iliita. Alikuwa ameegesha gari, anamngoja mwanafunzi.

"Mwalimu."

"Sema, Hamira."

"Nimechoma mikate sitini. Sijawahi kuchoma hata kumi." Kisha akamsimulia habari za yule mchumba wa "mwakani", zote, bila kujipendelea. "Ulipotaja miaka kumi, nilimsikia yeye. Sikukusikia wewe. Nisamehe."

Mwalimu akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Na mimi viatu havinibani. Natokwa na damu nyingi, Hamira. Naona kizunguzungu. Niliogopa ukijua utaniambia niache kozi."

"Kesho naomba ruhusa. Twende wote kwa nesi. Kuamua utaamua wewe; mimi nataka kusikia tu."

Nesi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliuliza mengi kabla ya kujibu hata moja: hedhi siku ngapi, maumivu, maradhi ya zamani. Aliposikia siku nane akatikisa kichwa.

"Cha shaba hakina homoni, ni kizuri, lakini kinaweza kuzidisha damu na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Kwako wewe sikipendekezi. Kuna kingine chenye homoni kidogo. Hicho hupunguza damu. Mwanzoni utaona matone yasiyo na mpangilio, usishtuke. Ila kwanza daktari aangalie damu hii inatoka kwa nini."

"Shangazi anasema kinaweza kupanda hadi moyoni," Mwalimu alisema kwa aibu.

"Hakina njia ya kufika huko, mwanangu. Mara chache kinatoka chenyewe, na ni nadra sana kutoboa kizazi. Ndiyo maana utarudi nikuangalie."

Hamira akakohoa. "Na akitaka mtoto kabla ya muda wake?"

"Akitaka kesho, kinatolewa kesho. Uzazi haungoji miaka iishe."

Hamira akashusha pumzi iliyosikika hadi korido. Nesi akamtazama juu ya miwani. "Baba, ulikuwa umeibana tangu lini hiyo?"

Vipimo vilionyesha damu pungufu, lakini kizazi hakikuwa na ubaya. Mwalimu alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaenda kufikiri wiki nzima. Hamira hakumuuliza hata mara moja, ingawa ulimi ulimwasha. Jumatatu Mwalimu akasema, "Nataka kile cha homoni," na Jumanne kikawekwa. Alitoka ameshika tumbo, midomo imekauka. "Kimeuma. Kidogo kuliko nilivyoogopa." Hamira akambebea mkoba, akatembea polepole kando yake.

Miezi miwili ya kwanza matone yalimkera. Wa tatu yakapungua. Wa tano, akiwa kwenye mapumziko ya kozi, alipiga simu kwenye tanuri la mikate.

"Hamira! Siku ya tatu leo, na imekwisha!"

"Nini imekwisha?"

"Damu! Nimepanda ngazi zote za chuo bila kushika ukuta."

Hamira akapiga yowe la furaha, wenzake wakageuka na mabamba ya mikate mikononi.

"Na sikiliza," sauti ya Mwalimu ikashuka. "Nikishapata cheti, nataka twende tena kwa nesi."

"Kufanya nini?"

"Akitoe."

Upande wa pili wa simu kukasikika kishindo.

"Hamira? Upo?"

"Nipo, mpenzi. Nimekaa juu ya gunia. Wewe maliza mtihani wako bila haraka. Mimi niko sawa kabisa hapa."