Mara Mbili Aliishia Getini

Katika nyumba ya kaka yake, Kadogo ndiye aliyeamka wa kwanza. Alifagia, akateka maji, akawasha jiko. Wengine walipokuwa wanapiga miayo, chai ilikuwa tayari mezani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Walimwita Kadogo kwa sababu alikuwa kitinda mimba, ingawa kwa urefu alimpita hata huyo kaka.

Kadogo alikuwa fundi umeme. Alisoma chuo cha ufundi miaka miwili, akafaulu. Lakini cheti chake kilikaa kwenye bahasha, chini ya godoro. Siku ya matokeo, wenzake wawili walicheka wakasema, "Huyu kapita kwa bahati tu." Ulikuwa mzaha. Wao waliusahau siku ileile. Kadogo hakuusahau.

Asubuhi moja kaka yake, ambaye ni seremala, alikuja na habari.

"Kiwanda cha kusaga nafaka kinatafuta fundi umeme msaidizi. Tangazo liko getini. Nenda leo leo!"

Kadogo alivaa vizuri, akachukua bahasha, akaenda. Alipofika getini alisikia mashine zikinguruma ndani. Moyo ukamwenda mbio. Akawaza, "Ninakwenda kujiaibisha. Wakiniuliza kitu nitabaki nimetoa macho."

Akageuka, akarudi nyumbani.

"Wamesema nafasi imejaa," alimwambia kaka yake.

Wiki iliyofuata tangazo lilikuwa bado lipo. Kaka akamtuma tena. Kadogo akafika getini, akageuka tena. Safari hii alisema, "Wanataka mwenye uzoefu."

Kaka alikasirika kwa niaba yake. Jumanne alipeleka meza ya ofisi palepale kiwandani. Alipoishusha tu, akamfuata msimamizi.

"Mzee, mbona mlimkataa mdogo wangu wa kike mara mbili?"

Msimamizi alishangaa. "Mdogo wako yupi? Hapa hajaingia msichana yeyote kuomba kazi. Na nafasi iko wazi mpaka Ijumaa."

Kaka alirudi nyumbani amevimba kwa hasira.

"Kadogo! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilifika getini, kaka."

"Halafu?"

"Nikarudi." Machozi yalianza kumlengalenga. "Siwezi. Mimi siwezi kitu."

"Huwezi vipi? Wenzako wote uliosoma nao wana kazi! Wewe unajificha jikoni na kunidanganya!"

Wifi yake Kadogo aliweka mwiko chini. "Baba watoto, inatosha. Unamgombeza mtu ambaye kutwa anajigombeza mwenyewe."

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao, Mama Nesi, muuguzi wa kituo cha afya. Huko kituoni, kazi yake nyingine ni kuzungumza na vijana wenye mawazo na wasiwasi.

"Samahani, jamani," alisema. "Sauti zenu zimefika kwangu kabla hamjanialika."

"Shikamoo, Mama Nesi," alisema Kadogo, akifuta macho.

"Marahaba, mwanangu. Twende tukae uani."

Walikaa kwenye mkeka. Kadogo akaeleza yote, hata ule uongo. Akamaliza kwa kusema, "Ukweli ni kwamba nilipita kwa bahati."

"Mtihani wenu ulikuwa wa siku ngapi?"

"Tano. Tatu za kuandika, mbili za vitendo."

"Basi hiyo bahati ina bidii! Imekuja siku tano mfululizo, haikuchelewa hata siku moja?"

Kadogo alicheka bila kutaka.

"Sikiliza," alisema Mama Nesi. "Kujitilia shaka kunampata karibu kila mtu. Mimi siku ya kwanza kuchoma sindano nilitetemeka mpaka mgonjwa akanipa pole. Wazo likikuambia 'huwezi', hilo ni wazo tu. Usilikubali kabla ya kuliuliza: ushahidi wako uko wapi? Lete daftari."

Kadogo alileta daftari na kalamu.

"Andika kazi ulizofanya kwa mikono yako."

Kisha akaandika: *Nilitengeneza pasi ya wifi. Niliweka taa ya uani. Nilifunga soketi nane shuleni wakati wa mafunzo.*

"Hizo soketi zinafanya kazi?"

"Mpaka leo."

"Aliyekushika mkono ni nani?"

"Hakuna."

"Sasa, kama rafiki yako angekuwa na orodha hii, ungemwambia hajui kitu?"

"Hapana! Ningemwambia aende."

"Basi jisemeshe kama unavyomsemesha rafiki. Na hofu haitaondoka ukiwa umekaa. Inapungua kidogo kidogo ukitembea nayo. Kesho usiende kuomba kazi. Nenda umuulize mlinzi msimamizi anaingia saa ngapi. Halafu urudi. Keshokutwa ndipo uingie."

Kisha Mama Nesi akauliza kwa upole, "Unalala? Unakula?"

"Ninalala. Kula ni hivyo hivyo."

"Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, au ukiona maisha hayana maana, usikae kimya. Njoo kituoni. Kuomba msaada si udhaifu."

Kabla ya kuondoka alimgeukia kaka. "Na wewe, fundi, usimlinganishe na wenzake. Unaiongezea hofu yake nguvu. Akifanya jambo zuri, liseme."

Kaka alikuna kichwa. "Nimekosa, mdogo wangu. Ile taa ya uani... kila jioni naishukuru, ila sijawahi kukwambia."

"Na mimi nimekosa kukudanganya, kaka."

Jumatano Kadogo alizungumza na mlinzi, akarudi. Alasiri ile wifi yake alikalia kigoda, akajifanya msimamizi. "Wewe binti, kwa nini nikuajiri?" aliuliza kwa sauti nzito. Walicheka mpaka chai ikapoa, lakini mara ya nne Kadogo alijibu bila kigugumizi.

Alhamisi alifika getini. Moyo ulienda mbio vilevile. Alivuta pumzi taratibu mara tatu, akaingia.

Msimamizi alisoma cheti, kisha akamwonyesha mota kubwa. "Hii imesimama. Utafanyaje?"

"Mota ya aina hii sijawahi kuifungua," alisema Kadogo. "Ila najua pa kuanzia. Nitazima swichi kuu. Nitapima kwa testa nihakikishe hakuna umeme. Kisha nitasoma mchoro wake. Nikikwama, nitauliza."

Msimamizi alimtazama. "Waliokutangulia walisema wanajua kila kitu. Mmoja alitaka kuifungua ikiwa na umeme. Njoo Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio."

Kadogo alianza kazi. Hofu haikuisha yote. Siku nyingine ilimsubiri mlangoni, naye akaingia nayo hivyo hivyo.

Mwezi wa pili, mashine ya kuchekecha unga ilizimika ghafla. Wafanyakazi wakakusanyika. Msimamizi akauliza, "Nani aliishughulikia jana?"

Kadogo alihisi uso ukimwaka moto.

"Ni mimi," alisema. "Nadhani kuna waya sikuukaza vizuri. Nipeni dakika kumi."

Alizima umeme, akapima, akafungua kifuniko. Kweli, waya mmoja ulikuwa umelegea. Akaukaza, kisha akazikagua nyingine moja moja. Alipowasha, mashine ikanguruma.

"Siku nyingine kagua kabla ya kufunga," alisema msimamizi.

"Nitakagua."

Mchana alikaa na mafundi wenzake. Akala chakula chake chote, akaomba aongezewe.