Ruhusa ya Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Kengele ililia saa nne asubuhi, na Vumilia hakuwa akimtarajia mtu. Alikuwa ametoka zamu kwenye makao ya wazee wa Kiswidi, bado amevaa sare ya bluu, khanga mabegani. Alipousukuma mlango, bawaba ya juu ilichomoka na mlango mzima ukamwangukia mgeni huko nje.

"Hej, hej!" Mgeni aliudaka kwa mikono miwili. Kisha akachungulia pembeni, akaiona khanga. "Ah, pardon, mama! Mimi natafuta mzee wa ghorofa ya nne."

"Hii ni ya tatu. Na mama yako nani? Nina miaka ishirini na tisa."

"Pardon, mademoiselle. Mimi naitwa Emery, niko fundi ya milango. Huu wako ni mgonjwa kweli."

Alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya kazi imejaa mifuko, theluji haijayeyuka kwenye kofia yake ya sufu. Alinyoosha mikono juu, akashikiza bawaba kwa skrubu nne ndefu, akaibonyeza fremu kwa kidole gumba. Mbao ikabonyea kama mkate uliolowa.

"Hii imeoza. Kwa nini hukuwaita wenye jengo?"

"Wana kazi nyingi," Vumilia alijibu, akatazama pembeni.

Ukweli ni kwamba nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya dada Dafrosa, Mtanzania mwenzake aliyeingojea miaka kumi na tatu kwenye foleni ya nyumba za mji, kisha akarudi Bukoba kumuuguza mama yake. Alimwachia Vumilia bila ruhusa ya kampuni yenye jengo. Kampuni ikijua, wote wawili wangeipoteza. Siri kama hiyo mtu hamwambii fundi aliyemfahamu kwa robo saa.

Kesho yake mchana Emery alipiga simu, kwa namba aliyoiomba pale mlangoni.

"Mlango unasemaje?"

"Unakusalimia."

"Na mwenye mlango?"

"Yeye ana kiburi kidogo."

"Kiburi? Hicho nacho niko na vifaa vyake."

Vumilia alicheka mpaka wenzake kazini wakageuka. Jumapili ile Emery alitoka kwake Alby hadi kwa Vumilia, Rågsved, na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, na Vumilia akamwambia sombe bila karanga ni majani tu, na Emery akamwambia watu wa Kigoma kama yeye wana ulimi mkali, na wakala yote. Kufikia Machi Emery alikuwa akimwita chérie, yaani mpenzi, mbele za watu.

"Chérie, nina ombi," alisema siku moja. "Ili nipate cheti, chuo kinataka kuona mlango niliouweka peke yangu, kwenye nyumba inayokaliwa. Mkaguzi atakuja Jumatano, tarehe kumi na nne Aprili, saa tatu asubuhi. Nikikosa, nangoja tena mwaka mzima. Utamfungulia?"

"Hata nikiwa na homa, mpenzi. Naahidi."

"Na ruhusa ya kampuni utaipata?"

Hapo ndipo Vumilia angesema ukweli. Lakini alitazama uso ule uliomwamini, akaona haya.

"Nimeshaipata," alisema.

Emery aliuweka mlango Jumamosi nzima, fremu mpya na kufuli mpya. Jioni Vumilia aliufungua na kuufunga mara tisa, kwa raha tu ya kuusikia ukijifunga taratibu.

Fundi wa mji ule habadilishi mlango wa nyumba ya kupanga bila ruhusa ya maandishi, na mkaguzi angetaka kuiona. Kila Emery alipoiulizia karatasi hiyo, Vumilia alisema kesho. Basi Emery, akitaka kumpunguzia usumbufu, aliiandikia kampuni mwenyewe: naomba nakala ya ruhusa aliyopewa mpangaji wenu, Vumilia.

Kampuni haikuwa na mpangaji wa jina hilo. Barua iliyokuja ilisema mkataba umevunjwa, nyumba iachwe wazi ifikapo tarehe thelathini Aprili. Dafrosa alipiga simu kutoka Bukoba, akalia bila kutukana. "Miaka kumi na tatu, Vumilia," alisema, mara mbili.

Vumilia akampigia Emery.

"Umewaandikia nini?"

"Niliomba tu nakala. Si ulisema umeipata?"

"Umenitoa nyumbani, Emery! Mimi na dada wa watu!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazamaje?"

"Vile nakutazama kila siku."

Vumilia alikata simu, na hakupokea tena simu zake.

Alitafuta chumba mji mzima. Wengi hawakujibu, waliojibu walitaka mtu mwenye jamaa wa kumdhamini. Usiku alilala akiwa amefunga kufuli ya Emery, akimchukia na kumkumbuka kwa pumzi ileile. Hatimaye Adelina, Mtanzania wa Fisksätra, alimpigia.

"Njoo uone chumba Jumatano saa tatu kamili, mdogo wangu. Kuna wengine wawili."

"Jumatano hii? Tarehe kumi na nne?"

"Ndiyo. Nina haraka."

"Siwezi kuja saa sita, dada?"

"Saa sita kitakuwa kimeshachukuliwa."

Jumatano saa mbili kasoro robo, Vumilia alivaa koti, akafunga viatu, akashika mkoba. Akasimama sebuleni. Treni ya kumfikisha kwa wakati ilipita, na ya baada yake ikapita.

Saa tatu kengele ililia. Mkaguzi, mama wa Kiswidi mwenye mvi, aliingia na pima maji. Emery alibaki ngazini, shati jeupe limepigwa pasi, amekonda. Mkaguzi alipima kama fremu imesimama wima, akafungua, akafunga. Ruhusa ya maandishi ilikuwa imefika pamoja na barua ya kufukuzwa. Kampuni ilikuwa imetuma mtu auone mlango, ikaupenda na kuamua ubaki.

"Umeridhika na kazi?"

"Hauingizi baridi," Vumilia alisema. "Haugomi."

"Ungemwita tena?"

"Nikipata nyumba, nitamwita."

Alitia saini. Mkaguzi akampa Emery mkono, akashuka. Simu ya Vumilia ikatetema, ujumbe wa Adelina: Pole, mdogo wangu, chumba kimepata mtu.

"Asante," Emery alisema. Kisha akalitazama koti, na viatu. "Ulikuwa unaenda wapi?"

"Fisksätra. Kuona chumba."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Emery akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono, akalia. Vumilia aliufungua mlango wazi kabisa. Kisha akavua koti.

"Ingia," alisema. "Tuna siku kumi na sita."