Kitasa cha Mlango wa Mwaisha

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya Soko Kuu la Morogoro halikuwa na pa kuweka mguu. Wachukuzi walipita na saruji begani wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Mafundi waliegemea kaunta wakibishania misumari. Katikati ya zogo lile alisimama mwanamke wa dera la kijani na ushungi mweupe. Ameshika mikono miwili ya kitasa, mmoja wa dhahabu, mmoja wa rangi ya fedha, anaipima uzito kama mtu anayenunua samaki.

"Dada, hiyo haiuzwi kwa kilo," muuzaji alimtania.

"Najua, kaka. Naangalia kama kiganja changu kitaupenda. Huu nitaushika kila siku mpaka Mungu anichukue."

Muuzaji akaacha kuhesabu misumari. Jina lake Halidi, Mnyaturu wa Singida, miaka tisa yuko Morogoro, umri unakwenda na mke hana. Shati lake lilipigwa pasi hata siku ya saruji.

"Mlango wenyewe wa mbao gani?"

"Mninga."

"Unausukuma ndani au unauvuta nje?"

"Nausukuma."

"Ukisimama nje, bawaba ziko kulia au kushoto?"

Yule mwanamke alifumba macho. Akanyoosha mkono hewani, akasukuma mlango usiokuwepo, akapiga hatua moja kana kwamba anaingia kwake. Mafundi wakacheka. Halidi hakucheka. Harufu ya karafuu ilitoka kwenye viganja vya yule mwanamke, nayo ikamwingia mpaka kifuani.

"Kushoto," alisema akifumbua macho.

"Basi huu wa dhahabu achana nao. Leo unang'aa, miezi sita umechubuka. Chukua wa fedha, na kitasa chake cha silinda. Mwizi akija, atachoka yeye kwanza. Au tumpigie mumeo tumuulize?"

"Mume gani? Wewe uza kitasa. Kina funguo ngapi?"

"Tatu."

"Alhamdulillahi. Wangu, wa mama, na wa Fidelis."

Halidi akauliza, "Fidelis ndiye nani?"

"Kaka, wewe ni muuzaji au polisi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mapenzi na wivu vilizaliwa moyoni mwa Halidi saa ileile, kama pacha, na kama ilivyo kwa pacha, mmoja akinyonya mwingine hulia.

Mwanamke yule aliitwa Mwaisha, muuza viungo sokoni. Mdalasini, iliki, pilipili manga, vyote vilishuka kutoka kwao Matombo. Nyumba yake ilikuwa Bigwa, chini kabisa ya mlima, juu ya ardhi ya ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru ardhi hufuata mama, na mwanamke akijenga kwao amejenga kwake. Halidi alikwenda kukifunga kitasa mwenyewe. Alikataa soda, akakubali chai ya mdalasini, akakubali na kikombe cha pili. Kuanzia wiki ile simu zao hazikupoa.

Mwaisha hakumficha kitu. Alimwambia kwamba aliolewa na mtu anaitwa Abeid, wakakaa Kihonda miaka sita.

"Nilikwenda kumzika baba yangu," alimwambia. "Narudi siku ya nne, ufunguo hauingii. Kabadilisha kitasa. Nguo zangu ziko kwenye mfuko wa sandarusi, nje. Nikakaa pale barazani kwangu kama ombaomba, majirani wanapita wananipa pole. Siku ile nilimwomba Mungu anipe mlango mmoja tu ambao hakuna mtu atanifungia."

"Na amekupa, laazizi."

"Amenipa."

Halidi alizisikia habari zile kwa masikio yake mwenyewe. Hilo ndilo lililokuja kumfanya kosa lake lisiwe dogo.

Kisha akamwona Fidelis. Alikuwa dereva wa kenta, lori dogo lililoshusha mazao kutoka Matombo, kijana mrefu wa kanisani, meno meupe, kicheko cha kujaza soko zima. Aliondoka milimani alfajiri na kufika Bigwa Mwaisha akiwa ameshakwenda sokoni, basi hufungua mlango, akaingiza magunia, akafunga, akaondoka. Ufunguo wake aliuning'iniza kwenye kioo cha gari, pamoja na rozari. Halidi aliuona ukicheza pale kiooni.

"Uko wapi, mpenzi?" alipiga simu siku hiyohiyo.

"Sokoni."

"Mbona nasikia mwanaume anacheka?"

"Halidi, sokoni kuna wanaume elfu. Nimwambie nani asicheke?"

"Fidelis amekuja leo?"

"Kaleta magunia matatu ya mdalasini."

"Kaingia ndani?"

"Hapana, kayarusha juu ya bati! Halidi, una nini?"

"Nakuuliza tu. Kwa nini yeye awe na ufunguo, mimi nisiwe nao?"

"Yeye ana magunia. Wewe una gunia gani?"

Alisema kwa utani, lakini mwenzake alikata simu. Mtu mwenye wivu ana macho mengi na hana hata moja linaloona. Halidi alianza kupita Bigwa bila sababu. Alianza kuhesabu Jumatatu na Alhamisi, siku za kenta. Akiwa dukani, mtu akiuliza bei ya kitasa, yeye aliuona mlango ule wa mninga ukifunguka, na kijana mrefu akiinama kidogo asigonge kichwa.

Jumatano moja Mwaisha akapiga simu. "Habibi, mkono wa mlango unalegea. Kesho pita asubuhi uukaze, mimi nakwenda sokoni mapema. Nakuachia ufunguo wangu, ukimaliza ufunge, uniletee."

Alhamisi. Halidi alilala akiwaza Alhamisi.

Asubuhi alikuja na bisibisi, na mfukoni alikuwa na silinda mpya, kile kiini cha kitasa kinachoingia ufunguo. Alikaza skrubu za mkono, kazi ya dakika mbili. Kisha akafungua skrubu ya kwenye ubavu wa mlango, akaitoa silinda ya zamani, akatia mpya. Kwa nje huwezi kuona tofauti. Funguo zake zilikuwa za kichwa kilekile, rangi ileile, tofauti ni meno tu. Alifunga mlango, akaenda sokoni, akamkabidhi Mwaisha ufunguo kwenye pete yake ya zamani huku akitabasamu.

"Ahsante, mume wangu mtarajiwa," Mwaisha alimwambia, akamtilia iliki kiganjani.

Halidi alifikiri hivi: Fidelis akija, mlango utamkataa. Akilalamika kwa Mwaisha mchana, basi ni mtu wa magunia. Akinyamaza, basi anaingiaga kwa jambo lingine. Aliuona kuwa mtego wa akili sana. Hakuuliza nani mwingine anashuka na kenta ile.

Alishuka Bi Maimuna, mama yake Mwaisha, anakuja hospitali kwa ajili ya magoti. Fidelis alijaribu ufunguo, ukaingia, haukuzunguka. Bi Maimuna akafungua pindo la khanga, akatoa wake, nao vilevile. Simu ya Mwaisha ililia chini ya meza ya viungo, wateja wamejaa, haikusikika. Fidelis alikuwa na mizigo ya watu wengine garini.

"Mama, twende nikuache sokoni."

"Na mdalasini nimwachie nani? Nenda baba, mwanangu anakuja."

Fidelis akapanga magunia barazani, akaondoka moja kwa moja kwenda Kihonda na mizigo ile. Saa saba wingu likashuka kutoka Uluguru kama mtu aliyevuta pazia. Mvua ya pale haianguki wima, inakuja na upepo, na baraza la Mwaisha lilikuwa halijawekewa bati. Mwanamke wa miaka sabini alifunika magunia kwa khanga yake, akabaki na gauni.

Mwaisha alipofika alimkuta anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu, anajaribu kutabasamu.

"Mwanangu, nadhani ufunguo wangu umezeeka kama mimi."

Mwaisha akautia wake. Mlango ukafunguka mara moja. Akasimama pale mlangoni, mvua inampiga mgongoni, akauchukua wa mama yake, akauweka sambamba na wake. Akaangalia meno. Alimvua mama nguo zilizolowa, akamwashia mkaa, akampa chai. Kisha akapanda bodaboda, akaenda mjini na maji yakimtiririka.

Duka lilikuwa na wateja. Mwaisha aliweka funguo mbili juu ya kaunta.

"Soma meno."

Halidi akageuka rangi. "Mwaisha, ngoja nikueleze..."

"Nani kabadilisha silinda yangu?"

"Nilitaka kujua kama yule..."

"Mama yangu amekaa kwenye mvua saa tatu nzima! Ana homa! Anadhani amezeeka hajui kufungua mlango! Halidi, nilikwambia mimi. Nilikwambia nilivyofungiwa. Kwa mdomo wangu huu."

"Nilikuwa na wivu. Nakupenda."

"Abeid naye alisema ananipenda." Akamnyooshea mkono. "Silinda yangu. Ile ya kwanza."

Alimpa, imefungwa kwenye gazeti pamoja na ufunguo wake wa kwanza. Mwaisha akaipokea, akamtazama fundi mmoja aliyesimama pale na kumwomba afuatane naye kuifunga. Halidi, muuza vitasa, akabaki kuangalia fundi mwingine akipanda bodaboda kwenda kwenye mlango ule.

Wiki tatu simu haikupokelewa. Homa ya Bi Maimuna ilikwisha siku ya tano, Mungu ni mwema, lakini kifua kiliendelea kukohoa. Halidi alikonda, shati halikupigwa pasi tena. Mwishowe alituma ujumbe: "Niambie niende kwa nani nikaombe radhi." Jibu lilikuja kesho yake, maneno mawili: "Kwa mjomba."

Mjomba Stambuli, msemaji wa ukoo wa mama, alikaa Matombo. Siku hiyo gari la kwenda kule lilikuwa moja tu, na usukani wake aliushika Fidelis.

"Panda, bwana vitasa," Fidelis alimwita, mlango wa kenta wazi.

Walipanda mlima, barabara inawarusha huku na kule. Ufunguo ulicheza kiooni. Kwenye kona ya tatu Fidelis akaunyofoa na kumtupia mapajani.

"Chukua, kaa nao. Unadhani naupenda? Kwa ufunguo huo nashusha magunia peke yangu mpaka mgongo unalia. Ukitaka wivu, njoo na wivu wako Alhamisi, ubebe."

Halidi aliutazama ule ufunguo. Aliota usiku mwingi jinsi atakavyoupata. Sasa uko mkononi, na haukuwa wake. Akaurudisha kiooni mwenyewe.

Mjomba Stambuli alikuwa anaanika pilipili manga uani. Halidi alipiga magoti, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari zako zimefika kabla yako." Aliendelea kutandaza pilipili. "Kwetu sisi mwanaume huingia kwenye nyumba ya mwanamke kwa adabu. Wewe ulitaka kuwa mwenye nyumba kabla hujawa mkwe. Kwenu Singida sijui."

"Kwetu mwanaume ndiye hujenga, mjomba. Lakini hata kwetu mzee hanyeshewi. Nimekosa."

"Mimi hukunifungia mlango. Shuka ukamwambie uliyemfungia. Akikusamehe yeye, lete barua ya posa. Asipokusamehe, usinipandie mlima tena."

Bi Maimuna alimpokea Bigwa, amejifunika shuka mbili. Halidi alishika miguu ya mama yule, akalia.

"Inuka," Bi Maimuna alimwambia. "Mvua ya Mungu ilishakauka. Kilichoniuma ni kudhani akili yangu imeondoka. Siku nne nilikuwa naogopa hata kuwasha jiko." Akakohoa. "Nimekusamehe. Huyo aliye jikoni simjui."

Aliye jikoni alitoka, mikono imekunjwa. Dera la bluu, macho mekundu.

"Mama kasamehe kwa sababu ni mama," Mwaisha alisema. "Mimi nakupenda, hilo ndilo tatizo langu. Leta barua. Nitaolewa na wewe. Lakini ufunguo sikupi. Utakaa hapa, utakula hapa, utalala hapa, na kila ukirudi utapiga hodi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nione."

"Na nikikuta hakuna mtu?"

"Utasubiri barazani. Siku hizi lina bati."

Walifunga ndoa mwezi wa Shaabani. Watu wa Bigwa walisema mengi, mwanaume mzima kupiga hodi kwake. Wengine walisema amerogwa. Halidi alipiga hodi.

Ikaja Ramadhani. Jioni ya kumi, Alhamisi, Halidi alifika nyumbani na tende na mkate wa kumimina, akakuta kimya. Bi Maimuna alikuwa amerudi Matombo, na Mwaisha amekwamishwa na wateja wa viungo vya futari. Zimebaki dakika kumi na tano jua lizame. Akakaa barazani na mfuko wake magotini. Mara kenta ikaingia, imechelewa kwa pancha. Fidelis akaruka chini, akapita mbele yake, akafungua mlango.

"Karibu ndani, shemeji," alisema, na kile kicheko.

Halidi alisimama pale. Mwanaume mwingine anamkaribisha nyumbani kwa mke wake. Akauweka mfuko chini, akashika gunia upande wa pili.

"Ahsante," akasema.

Mwaisha alipofika, adhana ilikuwa imeshaita. Alikuta viatu vya wanaume wawili mlangoni, magunia yamepangwa, na Fidelis Mkristo anakunywa uji wa futari na mumewe kama ndugu. Fidelis akaaga. Mwaisha akakaa kwenye mkeka, akala tende moja.

"Nani kakufungulia?"

"Fidelis."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ahsante."

"Na moyoni?"

Halidi alizungusha kikombe. "Moyoni nilitamani agonge kichwa kwenye fremu."

Mwaisha alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, akajifuta macho kwa ncha yake.

"Kesho nakuachia wangu," alisema. "Nenda nao dukani, ukachonge wa nne."

"Uniachie wako? Hutaogopa?"

"Nitaogopa mpaka jioni. Kunywa uji, baba, halafu uende msikitini. Tarawehe haimsubiri mtu."