Makaa ya Bi Sabina

Moto ulikuwa unawaka, lakini haukuwa na joto. Honora Tumelty alisogeza kiganja karibu na makaa mekundu, akakirudisha kikiwa baridi.

"Ni jiko jipya," alisema mama mkwe wake, Bi Sabina. "Halijatuzoea."

Juzi tu walikuwa bado katika chumba cha chini ya ardhi, karibu na bandari ya Liverpool, mahali ambapo kuta zilitoa maji na Lorcan, mwana wa Honora, alikufa akikohoa. Halmashauri ya jiji ilibomoa kichochoro kizima, ikawapa vyumba viwili ghorofani, vyenye madirisha ya jua. Vyombo vyote, hata magodoro, vilipelekwa kwanza kufukizwa dawa ya kunguni. Isipokuwa ndoo moja ya makaa mekundu, aliyoificha Bi Sabina chini ya shali. Kwao Ireland mtu hahami bila moto wake wa zamani.

Jioni chumba kilinuka ukuta mbichi. Kisha ndani ya jiko mtu akakohoa.

"Umesikia, mama?"

"Nyamaza. Usimjibu."

"Nisimjibu nani?"

Bi Sabina alishika rozari yake. "Kule chini tulikuwa na pepo huyo miaka yote. Nilidhani atabaki na matofali yake."

Lakini Winnie, binti wa miaka minne, alikwisha kujibu. Alikaa mbele ya moto, midomo imegeuka ya buluu kwa baridi, akicheka. "Lorcan anataka nikae naye."

Kesho yake mchana alikuja Padri Quilligan, aliyeitwa na Honora. Hakuketi.

"Nani alileta moto huu?"

"Mimi, Padri. Nipige tu, mifupa yenyewe imebaki michache."

"Keti, Bi Sabina. Honora, uzime wewe. Wewe ndiye mama wa nyumba."

Honora alipoinua chupa ya maji ya baraka, sauti ilimwita kutoka kwenye makaa, "Mama, usinifukuze, nje kuna giza," na ilikuwa sauti ya Lorcan kabisa, na pengo lake la mbele likipuliza kila neno, sauti aliyomwomba Mungu miezi tisa aisikie japo mara moja, na mkono wake ukasita, ukasita, hadi alipoona pumzi ya Winnie ikitoka nyeupe katika chumba kilichojaa jua, na vidole vya mtoto vikizama ndani ya makaa bila kuungua, ndipo akafumba macho, akataja jina la Yesu, akamwaga.

Hapakutoka mvuke. Kilio kimoja, kisicho cha mtoto, kilipanda dohani kikapotea. Winnie akaanza kulia, machozi yake yakiwa ya moto. Honora alimkumbatia, akamlilia Lorcan upya.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Peggy Hanratty wa ghorofa ya chini, mwanawe begani.

"Shoga, mwambie Bi Sabina asante kwa makaa aliyotugawia jana. Wapangaji wote wa ngazi hii tumewashia ya kwake." Alishusha sauti. "Ila huyu wangu hataki kuondoka jikoni tangu asubuhi, hadi nimembeba kwa nguvu. Eti, Lorcan ni nani?"