Khanga Aliyobebewa Elibariki

Mimi sikuwepo, nasema alivyonisimulia rafiki yangu Haika wa hapa mtaani Lewisham, ughaibuni. Mwanawe wa pekee, Elibariki, alifia jeshini. Tangu hapo Haika huwashonea wanajeshi majeruhi mablanketi ya viraka. Hili la mwisho alilikatia khanga aliyombebea Elibariki alipokuwa mchanga.

Siku ya kulipeleka, lifti ya makazi ya majeruhi hao ilikuwa mbovu na ngazi zilikuwa giza tupu. Akalifunga blanketi mgongoni kama mbeleko, akapanda. Katikati ya ngazi akasikia mtoto ananyonya kidole, karibu kabisa na sikio lake.

"Lala, baba," akasema kwa mazoea, akimpigapiga taratibu.

Juu, Njenga, mwanajeshi asiye na miguu, alilipokea.

"Asante, mama. Mbona koti lako limelowa?"

Haika akagusa bega. Ulikuwa udenda, bado una joto.