Vidonge Viwili Vyako, Viwili Vyangu

Fundi cherehani na mkewe walifanya kila kitu pamoja. Walishona katika chumba kimoja, walikula sahani moja, na mkasi wao mmoja waliugombania kutwa nzima. Madirisha waliyafunga, vumbi lisije likachafua sare nyeupe za shule. Mke aliitwa Mama Vifungo, maana kwa kushona vifungo hakuwa na mpinzani.

Fundi alikohoa mwezi mzima, akisingizia vumbi la vitambaa. Alipokonda hadi suruali zake zikamvuka, mkewe alimburuta kliniki. Makohozi yakapimwa. Alikuwa na kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi sita, vidonge vinne kila asubuhi.

Wiki ya tatu, Mama Vifungo naye akaanza kukohoa.

"Twende ukapime," fundi akasema.

"Sare zote hizi atashona nani? Na wateja wakisikia tunaumwa wote, si watatukimbia?"

Fundi alimpenda mno mkewe, na hapo ndipo alipokosea. Alimimina vidonge vinne kiganjani.

"Ugonjwa ni ule ule, dawa ni ile ile. Viwili vyako, viwili vyangu."

Kila Jumatatu mhudumu wa afya wa mtaa, dada mmoja mcheshi, alipita kuhesabu vidonge vilivyobaki. Jumatatu iliyofuata hesabu ilikuwa sawasawa, maana vinne viliondoka kila siku, akamsifu fundi. Alipokuwa anatoka, Mama Vifungo akamnong'oneza mlangoni.

"Mdogo wangu, naona aibu. Mkojo wangu umekuwa mwekundu."

Mhudumu akasimama. "Dawa ya mumeo ndiyo inayogeuza mkojo rangi, na kwa mgonjwa hilo halina shida. Lakini wewe umeipata wapi, dada?"

Mama Vifungo akageuka kumtazama mumewe.

"Mimi ndiye niliyempa," fundi akajibu. "Nilidhani namsaidia."

Mhudumu alirudi ndani, akavuta kigoda. Hakufoka.

"Fundi, upendo wako nauona. Lakini nusu dozi haiui vijidudu, inavizoesha dawa. Vikishakuwa sugu, matibabu yanakuwa marefu na magumu. Mngeweza kufa wote wawili."

"Sasa tufanye nini?" fundi akauliza.

"Kila mtu hupimwa, akapewa dozi yake kwa uzito wake, na ni bure. Anayeishi na mgonjwa apimwe hata kama hakohoi. Mkikohoa, zibeni mdomo. Na madirisha haya fungueni! Vijidudu hubaki hewani chumba kikifungwa. Kula sahani moja hakuambukizi."

"Afadhali," Mama Vifungo akasema. "Ya pili ningeitoa wapi?"

Walikwenda siku hiyo hiyo. Mama Vifungo naye alikuwa na kifua kikuu, akapewa dozi yake. Fundi alipimwa upya. Kwa bahati, vijidudu vilikuwa havijawa sugu, akarudia vidonge vyake vinne. Madirisha yakafunguliwa, sare zikafunikwa shuka. Kazi ilichelewa. Mwalimu mkuu aliyeagiza sare alinung'unika, kisha akangoja.

Fundi alimaliza dawa kwanza, akapimwa, akaonekana amepona. Mkewe alipomaliza zake, walikwenda pamoja kliniki kusikia majibu.

"Umepona kabisa," muuguzi akamwambia Mama Vifungo.

Fundi akaangua kilio palepale ukumbini. Watu wakainuka kwenye mabenchi wakidhani ni msiba.

"Jamani, kaeni!" Mama Vifungo akacheka huku machozi yakimtoka. "Tumepona wote! Huyu akifurahi ndivyo alivyo."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikohoa alikuwa ameshafika mlangoni, anaondoka bila kupimwa. Akageuka.

"Chumba cha kupimia ni kipi?" akauliza.

Mume na mke wakampeleka.