Sauti Iliyoazimwa

Mpakani Nyakabira malori yalikuwa yakipita yenyewe, bila dereva, moja nyuma ya jingine kama siafu, na kila lililofika langoni lilisimama kusikiliza. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye mlingoti, tulivu, sauti ya mtu aliyezoea kubembeleza mtoto. "Chumvi, tani ishirini. Ushuru ni ule wa Jumanne. Piteni salama." Ng'ambo, chombo cha nchi ya Mwambao kilichoitwa Sikio kiliipima sauti hiyo, kikaitambua, na lango likafunguka. Hapakuwa na karatasi wala muhuri, maana sauti yenyewe ndiyo ilikuwa muhuri.

Huyo ndiye Mnenaji, akili unde iliyosema kwa niaba ya Buhinga. Msicheke. Nchi yenyewe ni ndogo, ukipiga chafya kaskazini wanakuombea afya kusini, na pwani haina. Chumvi, mafuta, hata sindano ya kushonea, vyote lazima vipite kwa Mwambao. Zamani walituma mabalozi, wakaenda kusinzia mikutanoni na kurudi na vitambi. Mnenaji hakusinzia. Alibishana na akili unde za majirani kutwa kucha, na akisema "nimekubali", neno hilo lilikuwa mkataba palepale, kwa sheria ambayo nchi zote mbili zilitia saini.

Ila sauti haikuwa yake. Iliazimwa kwa Spesioza, mtangazaji wa redio aliyesoma bei za sokoni na matangazo ya vifo, na vifo alivisoma kwa namna ambayo hata asiyemjua marehemu alijikuta anafuta macho. Watu waliiamini sauti ile pande zote mbili za mpaka. Mdogo wake, Mhandisi Evarisiti, ndiye aliyemjenga Mnenaji, na ndiye aliyekwenda kumwomba. Dada mtu alicheka, akasema chukua, sauti haiishi kwa kuazimwa.

Hawakujua. Mnenaji alipoanza kazi, wakubwa wakashtuka: muhuri mmoja hauwezi kuwa na vinywa viwili. Spesioza akisema jambo sokoni, Sikio likalidaka, itakuwaje? Nalo Sikio lilikuwa kila mahali, kwenye magari ya Mwambao, kwenye simu zao, kwenye taa walizotuuzia. Basi akaombwa anyamaze mwaka mmoja tu, mpaka wahandisi wapate njia nyingine. Kanda zake za redioni zikachomwa. Mwaka ukazaa mwaka, na sasa ulikuwa wa kumi na mmoja.

Kaneza, bintiye wa pekee, alikulia katika kimya hicho. Mama alimwita kwa kupiga makofi, na mtoto alijifunza makofi yale kama wengine wanavyojifunza irabu: kofi la chakula, kofi la acha upuuzi, kofi jepesi la nakupenda, hilo la vidole viwili tu kwenye kiganja. Spesioza alicheka mkono ukiwa mdomoni. Alipougua malaria alijifunga kitambaa asije akaweweseka. Kila mwaka Evarisiti aliulizwa na wakubwa kama bado ni lazima, naye alijibu kwamba hawezi kujua, kwa sababu kipimo cha Sikio ni siri ya Mwambao. Njia ya kujua ilikuwa moja, dada yake aseme Sikio likiwa linasikiliza, na akisema huenda nchi ikauzwa. Nani angejaribu? Jibu hilo lilimkalia kooni kama mwiba wa samaki, lakini alilitoa vilevile kila mwaka.

Kisha Kaneza akapata mchumba, Idarusi, kijana wa Mwambao, fundi wa reli, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo mama mkwe alimtania kwa ishara mpaka akaona haya. Posa ikaenda, ikarudi, watu wakala, mambo yakawa mazuri. Kilichobaki kilikuwa kizingiti.

Kwa watu wa Buhinga, bibi harusi hatoki nyumbani kwao mpaka mama yake amsemeshe. Binti husimama kizingitini, uso nje. Mama husimama nyuma yake, ndani, humwita kwa jina la mgongoni, lile alilomwitia alipombeba, kisha husema: "Nimekubali, nenda." Mama akiwa amekufa, shangazi husema kwa niaba yake. Lakini mama aliye hai akinyamaza, kimya chake ni kukataa, na ndoa iliyokataliwa kizingitini, wazee husema, haina mlango wa kurudia.

Na wiki hiyohiyo ya harusi, ya Mungu mengi, Mwambao walikuwa wameweka mezani sharti lao: wapewe chemchemi za Gitanga kwa miaka sitini, la sivyo reli haifiki Buhinga. Mnenaji alikuwa anapiga chenga. Neno moja la "nimekubali" katika sauti ile, na maji ya nusu ya nchi yangekuwa ya watu wengine.

Waziri, mmoja wa wakubwa wale, akamwita Evarisiti, akamwambia amshawishi mpwa wake akubali kusemewa na shangazi, ingawa mama yu hai. Evarisiti alimkuta Kaneza akisukwa nywele. Alieleza, akazunguka, akataja chemchemi, akataja nchi. Kaneza alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mjomba," alisema, "sina jina la mgongoni. Nilikuwa nalo, lakini nilikuwa mdogo, nimelisahau. Mama ndiye pekee anayelijua, na jina la mgongoni haliandikwi. Nikiondoka bila kulisikia, litazikwa naye. Shangazi atanisaidia nini hapo?"

Evarisiti alitoka nje akasimama karibu na matanki ya maji, mtu mzima na shahada zake, akalia.

Siku ya harusi magari ya Mwambao yalipanda kilimani yakiwa yamepambwa maua, na katika kila gari palikuwa na Sikio. Waziri naye alikuja, eti kubariki, macho yake yote kwa Spesioza. Kaneza akasimama kizingitini, uso nje. Idarusi alikuwa uani na ndugu zake. Shangazi akajongea, akakohoa, tayari kuanza.

Spesioza alimshika shangazi mkono, akamsogeza pembeni taratibu. Akamtazama mdogo wake. Evarisiti alielewa. Angeweza kupiga kelele, angeweza kumziba mdomo, Waziri alikuwa tayari anamkonyeza. Mkononi alikuwa amevaa kioo cha Mnenaji, kinachopokea hukumu ya kila sauti iliyopimwa na Sikio. Alikiinua ili akione, na hakufanya kitu kingine.

Mara ya kwanza kinywani mwa Spesioza ulitoka upepo tu. Mara ya pili mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Kisha:

"Kanyange."

Mabega ya Kaneza yalishtuka. Kanyange, ndege mweupe yule anayefuata ng'ombe. Alilikumbuka kwa mwili mzima.

"Kanyange wangu. Nimekubali. Nenda."

Waziri alijishika kichwa. Evarisiti alikitazama kioo, akingoja chemchemi ziende. Maandishi yakaja: *Sauti ya mwanamke mzee. Haitambuliki. Imepuuzwa.*

Aliyasoma tena. Mnenaji alikuwa na sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na minane, ikilindwa isizeeke. Dada yake alikuwa amezeeka, na koo lililokaa bila kazi lilikuwa limekauka na kubadilika. Kimya walichomfungia ili kuilinda sauti ndicho kilichoiua. Labda ilikufa miaka mitano iliyopita, labda minane. Angeweza kusema wakati wote huo.

Alimpelekea dada yake kioo, akapiga magoti. Spesioza alisoma.

"Kumbe," alisema.

Halafu akacheka, mkono ukapanda mdomoni, akautazama, akaushusha.

"Evarisiti, inuka. Hilo shati limechanika kwapani tangu mwaka juzi, nakutazama tu." Akamgeukia Waziri. "Na wewe, baba, unakula kwa kelele." Akakohoa, akapapasa koo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa na maneno mengi," alimwambia mwanawe. "Ulipovunja ungo. Ulipofeli hesabu. Nilikuwa nayo yote."

Mguu wa Kaneza ulikuwa tayari umenyanyuka. Aliurudisha. Akageuka, akaketi pale kizingitini na shela yake.

"Anza na la hesabu, mama," alisema.

Idarusi akawaambia ndugu zake wazime magari.